Kwa nini Rock Revolution iliwavunja moyo wahakiki

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina kibanda cha gemu hapa Kirumba, njia ya kuelekea mwaloni. Mwaka huu nimeongeza gemu moja ya gitaa na dramu niliyoinunua kwa mtu, lakini vijana wanaicheza siku mbili tatu kisha wanarudi kwenye mpira. Nikitafuta nyingine ya aina hiyo nimekutana na Rock Revolution ya Konami, inauzwa bei ndogo sana, na nilipouliza nikaambiwa wahakiki waliiponda tangu ilipotoka. Konami si ndio walioanzisha gemu hizi? Je, walionewa, au gemu ilikuwa mbaya kweli? Na waliyoyasema wahakiki wa Marekani na Uingereza yananihusu vipi mimi niliye Mwanza?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Swali lako nimelipenda kwa sababu limetoka kwa mtu anayewatazama wateja wake, na pia kwa sababu limegusa gemu ambayo mimi, niliyefundisha dramu na kinanda kwa miaka mingi huku nikihakiki gemu za mdundo pembeni ya kazi hiyo, bado naiona kuwa nafasi iliyopotea. Konami haikuonewa. Rock Revolution ilistahili sehemu kubwa ya lawama iliyoipata. Hata hivyo lawama zenyewe hazina uzito sawa, na kwa mtu wa Kirumba baadhi yake hazina uzito kabisa. Lililo zito kuliko yote ni kama mkono wa mpigaji unaweza kuiamini sauti anayoisikia na alama anayoiona, na jambo hilo ndilo ambalo katika uhakiki wa gemu za aina hii mara nyingi hupewa mstari mmoja tu na kupitwa.

Kuhusu uanzilishi, uko karibu na ukweli. Kwenye PlayStation ya kwanza ilikuwapo PaRappa the Rapper tangu mwaka 1996, lakini gemu ya mdundo ambayo mtu anaichezea ala mkononi au chini ya miguu ilikuzwa na Konami katika kumbi za gemu za Japani: Beatmania mwaka 1997, Dance Dance Revolution mwaka 1998, kisha GuitarFreaks na DrumMania mwaka 1999. Hizi mbili za mwisho ndizo zinazotuhusu. GuitarFreaks ilikuwa na gitaa lenye vitufe vitatu, DrumMania ilikuwa na sahani tano za kupigia pamoja na pedali ya mguu, na mashine hizo mbili ziliweza kuunganishwa ili mpiga gitaa na mpiga dramu wapige wimbo mmoja kwa pamoja. Wazo la bendi nzima ndani ya gemu lilikuwa limekwisha kuzaliwa mikononi mwa Konami kabla ya mwaka 2000.

Waliolipeleka wazo hilo sebuleni kwa watu wa Marekani hawakuwa Konami. Mwaka 2005 kampuni ya Harmonix ilitengeneza Guitar Hero kwa ajili ya PlayStation 2, ikiwa na gitaa la plastiki lenye vitufe vitano, na mwaka 2007 kampuni hiyohiyo ikatoa Rock Band, iliyoongeza dramu na maikrofoni. Jina la Guitar Hero lilibaki kwa kampuni ya gemu ya Activision, na gemu ya tatu katika mfululizo huo, iliyotoka mwaka 2007, mauzo yake yalitangazwa kuwa yamevuka dola bilioni moja. Konami ilirudi uwanjani katika hali hiyo. Julai 2008 iliifungulia kesi Harmonix pamoja na Viacom, iliyokuwa mmiliki wake wakati huo, ikidai hataza zake, yaani haki zake za uvumbuzi, zimeingiliwa, na Oktoba mwaka huohuo ikatoa Rock Revolution. Kazi ya kuitengeneza kwa ajili ya PlayStation 3 na Xbox 360 walipewa Zoë Mode wa Uingereza, na matoleo ya Wii na Nintendo DS yakafanywa na HB Studios wa Kanada. Kwa hiyo jina lilikuwa la waanzilishi, ila waliotengeneza walikuwa wengine, na nadhani hilo linaeleza kwa nini gemu ile ilichukua sura ya DrumMania bila kuuchukua moyo wake.

Utazame uwanja wa Oktoba 2008 kama unavyoutazama uwanja wa Bujora wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma. Wewe wa Mwanza unajua jinsi Bagika na Bagalu wanavyoshindana: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila moja upande wake, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wakamiminika kwake. Ngoma yako inaweza kuwa nzuri ukiicheza peke yako nyumbani, lakini pale uwanjani inapimwa kwa ile inayolia mita chache kutoka ulipo. Rock Band 2 ilikuwa imetoka Septemba ikiwa na nyimbo 84 ndani ya diski, zote rekodi asilia za wasanii wenyewe. Guitar Hero World Tour ilitoka mwishoni mwa Oktoba ikiwa na nyimbo 86, nazo pia rekodi asilia, na kwa mara ya kwanza mfululizo huo ulikuwa na dramu na maikrofoni. Rock Revolution iliingia katikati ya hizo ikiwa na nyimbo zipatazo 40, karibu zote zikiwa za kopi, yaani zimepigwa na kuimbwa upya na wanamuziki wa kukodishwa, na haikuwa na nafasi ya kuimba. Katika Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki na kutafuta wastani, matoleo yake ya PlayStation 3 na Xbox 360 yalibaki chini ya 50 kati ya 100. Guitar Hero ya mwaka 2005 ilikuwa imepata zaidi ya 90.

Hapo kwenye nyimbo za kopi naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo wahakiki walipopiga kelele sana na ndipo msomaji anapoweza kupotoshwa. Guitar Hero ya kwanza, ile iliyosifiwa na kila mtu, nyimbo zake kuu 30 zote zilikuwa kopi. Sababu yake ni ya kiufundi kwa sehemu kubwa. Katika gemu hizi, ukikosa noti, yaani alama inayokuja kwenye skrini kukuonyesha wakati wa kupiga, gitaa lako linanyamaza huku dramu na sauti ya mwimbaji zikiendelea, na ukipata noti inayofuata linarudi. Jambo hilo haliwezekani ukiwa na wimbo uliokwisha kuchanganywa, kama ule unaopigwa redioni. Ni lazima kila ala iwe katika njia yake ya sauti. Kuzipata njia hizo kutoka kwa mwenye rekodi asilia kunataka ruhusa, fedha na bahati ya kwamba kanda zenyewe bado zipo, wakati ukiwakusanya wanamuziki studio na kuurekodi wimbo upya unazipata njia zote zikiwa zimetengana tangu siku ya kwanza. Mwaka 2005 watu walisamehe kwa sababu walikuwa hawajawahi kushika kitu kama kile. Miaka mitatu baadaye, washindani wawili wakiwa wameleta rekodi za wenyewe, msamaha huo ulikuwa umekwisha, na mhakiki aliyekuwa akiujua wimbo tangu utotoni alisikia kila mahali ambapo mwimbaji wa kukodishwa alikosa kufika.

Lawama hiyo kwao ilikuwa ya haki. Kwako wewe haina nguvu hiyo, kwa sababu ni vijana wachache wa Kirumba, Igogo au Mabatini waliokua wakizisikiliza nyimbo za roki za Marekani kiasi cha kumkataa mwimbaji wa kopi. Sisi tumekulia katika bendi za dansi zinazopiga kopi ukumbini, na mpiga solo hupimwa kwa jinsi alivyopiga usiku ule, hata kama wimbo si wake. Kinachokugusa wewe ni maikrofoni. Katika kibanda chenye watu kumi na seti moja, walioshika gitaa na vijiti ni wawili au watatu tu, na waliobaki wanataka kufanya kitu kwa midomo yao. Gemu isiyo na nafasi ya kuimba inawafanya watu saba wawe wasubiri zamu. Wahakiki walilitaja pengo hilo kama upungufu mmoja miongoni mwa mingi, lakini mimi ningekuwa na kibanda ningeliweka juu kabisa.

Sasa dramu, ambayo ndiyo roho ya jambo hili. Rock Band ilikuwa na sahani nne na pedali. Guitar Hero World Tour ilikuwa na sahani tatu, matoazi mawili yaliyoinuliwa juu yake, na pedali. Rock Revolution ilileta sahani sita na pedali. Mpiga dramu akisikia hivyo anafurahi, nami nilifurahi, kwa kuwa sahani sita zinakaribia zaidi kile tunachokipiga kanisani na ukumbini: sneya, hai-hati, tomu na matoazi, kila kimoja na mahali pake. Wahakiki kadhaa waliuona ugumu wake kuwa jambo la kuheshimiwa, kama walivyoisifu sehemu ya studio ambamo mchezaji aliweza kurekodi kipande chake na kulaza kingine juu yake. Tatizo lilikuwa katika usomaji. Rock Band na Guitar Hero zilichora noti zikija kwako kama magari kwenye barabara ndefu, na jicho linaziona zikiwa bado mbali na kujiandaa. Rock Revolution ilizichora zikiteremka wima, kama zilivyokuwa katika kumbi za Japani, na wahakiki wengi wakaandika kwamba ni vigumu kuzisoma. Mtindo wa wima wenyewe hauna kosa, maana Wajapani wameucheza miaka mingi kwa ustadi wa kutisha. Ila ukimpa mtu aliyezoea barabara, kisha ukamwongezea sahani sita ambazo mpangilio wake mkononi haufanani waziwazi na mpangilio wake kwenye skrini, anaanza kuhesabu badala ya kupiga, na mpigaji anayehesabu sahani hana nafasi ya kuusikiliza wimbo.

Nikupe tukio moja nililoliona mwenyewe, ingawa halihusu gemu hiyo. Nilikaa jioni nzima katika kibanda kimoja, gemu ilikuwa nyingine ya dramu, seti ya mtumba, runinga bapa kubwa ukutani, na sauti ikipitishwa kwenye spika ya Bluetooth iliyowekwa mlangoni ili iwavute wapita njia. Aliingia kijana ninayemfahamu kuwa mpiga dramu wa kwaya, mwenye mkono safi usiopepesuka. Alama zake zikawa mbaya kuliko za mtoto wa darasa la tano aliyemtangulia. Akapiga tena, zikashuka. Watu wakaanza kucheka, naye akaviweka vijiti juu ya kiti na kuondoka bila kusema neno. Yule mtoto alikuwa akipiga kwa jicho, akisubiri noti iguse mstari, wakati kijana wa kwaya alikuwa akipiga kwa sikio, kama alivyofundishwa, na sikio lilikuwa likipokea sauti iliyochelewa.

Nilichukua simu inayorekodi picha 240 kwa sekunde, nikamwomba mwenye kibanda apige sahani mara moja, kisha nikahesabu picha kuanzia kijiti kilipogusa sahani hadi taa ya noti ilipowaka kwenye skrini. Kila picha ni kama milisekunde nne. Nilihesabu picha 22, yaani zaidi ya milisekunde 90, na sauti ya spika ya mlangoni ilifika baadaye zaidi. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una nusu sekunde kati ya pigo na pigo, na robo ya nafasi hiyo ni milisekunde 125. Ukichelewa milisekunde 90 umekaribia kuwa noti nzima nyuma katika zile za haraka. Huo si ucheleweshaji wa kawaida wa masikio: sauti inasafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde, hivyo mtu aliyekaa mita tatu na nusu kutoka kwenye spika anachelewa milisekunde kumi tu, na hakuna mwanamuziki anayelalamikia hilo.

Runinga za chogo, zile nzito tulizozitupa kwa furaha, hazikuwa na shida hii kwa kiwango hicho, kwa sababu zilichora picha mara tu ilipofika. Runinga bapa huipokea picha, huifanyia kazi ya kuisafisha na kuikuza, ndipo huionyesha, na kazi hiyo inakula muda. Guitar Hero ya mwaka 2005 ilichezwa na watu wengi kwenye chogo. Kufikia 2008 wengi walikuwa wamehamia kwenye skrini bapa, na watengenezaji makini walilijua hilo. Gitaa la Rock Band 2 lilitoka kiwandani likiwa na kihisi cha mwanga na maikrofoni ndogo ndani yake: unalielekeza kwenye runinga, gemu inawasha mwanga na kutoa mlio, gitaa linapima lenyewe ucheleweshaji wa picha na wa sauti, kila mmoja peke yake. Niliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilijua nani angeshinda msimu ule. Kampuni iliyofikiria mpaka hapo ilikuwa imeelewa kwamba mpigaji akiadhibiwa kwa kosa ambalo hakulifanya, harudi tena, kama yule kijana wa kwaya ambaye mpaka leo hajakanyaga kibanda kile.

Kwa hiyo kabla hujanunua gemu nyingine, ndugu yangu, ichunguze hiyo uliyonayo. Inawezekana vijana wako wanaikimbia kwa sababu ya runinga na spika, wala si kwa sababu ya diski. Iondoe spika ya Bluetooth kama unaitumia na uunganishe sauti kwa waya. Katika mpangilio wa runinga tafuta hali ya gemu, ambayo huipunguzia picha ile kazi ya kusafishwa. Kisha ingia kwenye mpangilio wa gemu yenyewe, utafute mahali pa kurekebisha ucheleweshaji, na ufanye zoezi lake mara tatu au nne mpaka majibu yafanane. Ukiweza kupata chogo iliyo nzima, ijaribu hiyo pia, hata kama haipendezi kuitazama.

Uliuliza kama wahakiki wa mbali wanakuhusu. Wanakuhusu ukisoma sababu zao na kuziacha alama. Mwezi huohuo wa Oktoba 2008 Nintendo ilitoa Wii Music, kazi ambayo Shigeru Miyamoto mwenyewe, mbunifu wa gemu za Mario, aliisimamia, na wahakiki wengi hawakuridhika nayo kwa sababu iliyo kinyume kabisa na ya Rock Revolution: haikuwa na noti za kukosa, ulitikisa mkono na muziki ukatoka, hivyo hapakuwa na kushinda wala kushindwa. Kwa kibanda kinachoishi kwa mashindano ya vijana hiyo ni sababu tosha ya kuiacha, lakini kwa mwalimu wa chekechea anayetaka watoto wacheze pamoja bila kulia, sababu hiyohiyo ni ya kuinunua.

Kesi ya hataza iliishia kwa mapatano mwaka 2010. Februari 2011 Activision ilikifunga kitengo chake cha Guitar Hero, soko likiwa limejazwa gemu na ala za plastiki kupita kiasi, na Activision na Harmonix zikajaribu kurudi mwaka 2015 kwa Guitar Hero Live na Rock Band 4. Konami haikuifuatisha Rock Revolution na gemu nyingine ya jina hilo, jambo linalonisikitisha mpaka leo, kwa sababu sahani sita zikiwa na skrini inayosomeka, maikrofoni na upimaji mzuri wa muda zingeweza kuwafundisha watoto dramu halisi kuliko gemu yoyote ya wakati ule.

Kwa bei ndogo uliyotajiwa, mimi nisingeichukua. Itajaza nafasi ya watu wawili au watatu katika kibanda, itawaacha wanaotaka kuimba wakiwa wamekaa, na seti yake ya dramu ikiharibika utapata taabu kuipata nyingine. Ukiipata Rock Band 2 iliyo kamili, pamoja na maikrofoni yake na vifaa vya mashine yako hasa, hiyo ningeifikiria. Usimpe muuzaji fedha kabla ya kuijaribu. Nenda naye mpiga dramu, si mcheza gemu. Makanisa ya Kirumba hayakosi kijana wa namna hiyo. Mwombe muuzaji auwashe wimbo rahisi, mwachie kijana vijiti, kisha usiitazame skrini wala alama. Tazama mguu wake wa kulia kwenye pedali. Ukiona baada ya nusu dakika umetulia na unakanyaga bila yeye kuufikiria, lipa. Ukiuona unasitasita, unakanyaga, unangoja, unakanyaga tena, mshukuru muuzaji na urudi nyumbani na fedha yako.